Gunia la Ji Bai

Peter Nazareth alikuwa mtumishi wa serikali ya Uganda, Wizara ya Fedha, pale East African Literature Bureau ilipotoa riwaya yake ya kwanza, In a Brown Mantle, mwaka 1972. Msimuliaji wa riwaya ni Joseph D'Souza, Mgoa wa nchi ya kubuni iitwayo Damibia. D'Souza amejitosa katika siasa za uhuru, ameonja rushwa na kunogewa, kisha amekimbilia London, ambako anaandika maungamo yake. Kitabu kilidokeza kwamba siku za Waasia katika nchi kama hiyo zinahesabika. Agosti mwaka huohuo Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Amri ilianza kwa wenye pasipoti za Uingereza, ikapanuka, na hata waliojihesabu kuwa raia wa Uganda wakajikuta kwenye foleni wakihakikiwa karatasi. Uingereza peke yake ilipokea zaidi ya watu 27,000.

Tangu hapo Nazareth amevikwa joho la utabiri. Riwaya ilimfungulia mlango wa Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1973, kisha akahamia Iowa na kufundisha huko kwa miongo kadhaa. Miongoni mwa masomo aliyoyaanzisha ni somo zima juu ya Elvis Presley, kwa taarifa ya wanaodhani mhakiki wa fasihi ya Afrika ana mipaka yake. Lakini utabiri ndio jambo dogo katika kitabu kile. Kubwa ni kwamba msimuliaji wake haaminiki. D'Souza anaungama huku akijitetea, anakumbuka huku akichagua cha kukumbuka, na mwanasiasa safi katika hadithi yake, Pius Cota, anauawa. Wasomaji wa Kenya hawakuhitaji kuambiwa Cota amefinyangwa kwa sura ya nani. Pio Gama Pinto, Mgoa aliyewekwa kizuizini na Waingereza kwa kuwasaidia Mau Mau, alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965.

Katika nusu karne iliyofuata, riwaya za Waasia wa Afrika Mashariki zimejaa wasimuliaji wa aina hiyo: wako mbali na nyumbani, mikononi wana mabaki tu, na wanajikatiza wenyewe kila wanapokaribia kitu cha hakika. Vyuoni sifa hizi huwekwa chini ya jina moja, usasaleo, na mwanafunzi hupelekwa Paris kwa Jean-François Lyotard, aliyeandika mwaka 1979 kwamba zama hizi zimepoteza imani na masimulizi makuu yanayodai kueleza kila kitu. Njia hiyo ya kupitia Paris ni ndefu bila sababu. Umbo lililovunjika la riwaya hizi lina historia yake hapahapa, dukani, forodhani na kwenye dirisha la ofisa wa uhamiaji.

Historia yenyewe ni ya zamani kuliko reli. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19 ukusanyaji wa ushuru wa forodha ya Zanzibar ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, yenye asili ya Kutch, na misafara mingi iliyoingia bara kutafuta pembe iliondoka kwa mkopo wa mabepari wa Kihindi. Baadhi yao walimiliki watumwa. Mwaka 1860 balozi mdogo wa Uingereza, Christopher Rigby, aliwalazimisha Wahindi wa Zanzibar kuwaacha huru maelfu ya watumwa, kwa hoja kwamba raia wa himaya haruhusiwi kummiliki binadamu. Jambo hili halisimuliwi sana katika sherehe za kukumbuka waasisi.

Kinachosimuliwa ni reli. Kati ya 1896 na 1901 vibarua na mafundi karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga njia ya Mombasa hadi Ziwa Viktoria. Karibu 2,500 walikufa, na kama 6,700 walibaki kazi ilipokwisha. Simba wa Tsavo waliyapa masimulizi hayo chumvi ya kutosha. Hata hivyo familia nyingi hazikutoka kwa vibarua hao. Walikuja kwa nauli zao, kwa majahazi na baadaye kwa meli, mmoja akimvuta ndugu, ndugu akimvuta shemeji. Allidina Visram alifika pwani akiwa kijana mdogo katika miaka ya 1860, akaanza Bagamoyo, na alipofariki mwaka 1916 alikuwa ameacha mtandao wa maduka uliofika Uganda na kupita.

Duka lilikuwa na daftari, na daftari liliandikwa kwa Kigujarati. Deni la kipande cha kaniki liliingizwa humo, tarehe na jina la mdaiwa. Ila nyumba ileile iliyoandika kila senti haikuandika yule mwanamke wa Kiafrika aliyekaa na mwenye duka miaka kumi kabla ya mke kuletwa kutoka Kathiawar alikuwa nani, wala alikwenda wapi baadaye. Mtoto wake alibaki akiitwa chotara, neno lililowatosha majirani wa pande zote mbili. Jamii hizi zilijua sana kutunza kumbukumbu za mali. Kumbukumbu za damu walizifunga kwa makusudi. Riwaya zilizokuja baadaye zinachimba hapo, na ndiyo sababu haziwezi kwenda moja kwa moja: anayefuatilia kitu kilichofutwa hana mstari wa kuufuata.

Mwanzoni ilionekana ingewezekana kuruka shimo hilo. Bahadur Tejani alichapisha Day After Tomorrow mwaka 1971, riwaya ya kijana Samsher anayeukimbia ulimwengu wa duka na kumwoa Nanziri, muuguzi wa Kiafrika. Ndoa yao ndiyo kesho inayotajwa kwenye jina la kitabu. Kama fasihi, riwaya hiyo ni nyepesi. Waafrika wamepambwa kwa uhuru wa mwili na furaha ya asili kana kwamba ni kundi la wachezaji ngoma walioalikwa kuwatibu Wahindi, na matatizo yote yanaisha chumbani. Thamani yake leo ni ya kihistoria: inaonyesha jinsi vijana wasomi wa Makerere walivyotamani hadithi nyoofu yenye mwisho mwema. Mwaka mmoja baadaye uwanja wa ndege wa Entebbe ulijaa masanduku.

Uganda haikuwa peke yake. Kenya ilipitisha mwaka 1967 sheria za leseni za biashara na za uhamiaji zilizowabana wasio raia, na mapema 1968 Bunge la Uingereza likafunga mlango haraka haraka dhidi ya wenye pasipoti za Uingereza waliokuwa Kenya. Tanzania haikumfukuza mtu kwa rangi, lakini Aprili 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuanzia shilingi 100,000, na wengi wa wenye majengo hayo Dar es Salaam walikuwa Waasia. Familia moja iligawana pasipoti tatu. Baba Mtanzania, mtoto mkubwa Mwingereza, binti anaelekea Toronto.

Kati ya walioishia Kanada alikuwemo Moyez Vassanji, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na kukulia Dar es Salaam, ambako mama yake mjane alihamia na watoto. Alisomea fizikia Marekani na kufikia shahada ya uzamivu, kisha mwaka 1978 akaenda kufanya kazi katika maabara ya nyuklia ya Chalk River, Ontario. Huko kwenye baridi ndiko alikoanza kuandika kuhusu mitaa ya Dar. The Gunny Sack ilitoka mwaka 1989 katika mfululizo wa waandishi wa Afrika wa Heinemann, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kitabu cha kwanza, kanda ya Afrika.

Salim Juma, anayeitwa Kala, ameachiwa urithi na Ji Bai, bibi mkongwe wa ukoo. Urithi wenyewe ni gunia. Ndani kuna madaftari na takataka za maisha ya watu waliokwisha kufa. Salim yuko ughaibuni katika chumba cha chini ya ardhi, anatoa kitu kimoja kimoja, na kila kitu kinazaa kisa. Gunia limepewa jina la kike, Shehrbanoo, na linamshika msikilizaji kama yule msimulizi wa Alfu Lela Ulela alivyomshika mfalme. Kinachotoka kwanza ni siri kubwa kuliko zote. Babu wa ukoo, Dhanji Govindji, alikuja kutoka Gujarati, akafungua duka Matamu, na akazaa mtoto wa kiume, Huseni, na mtumwa aliyeitwa Taratibu. Akaoa mke wa jamii yake, Taratibu akaondolewa. Huseni alipokua alitoroka, na baba akazunguka pwani yote akimtafuta, akatumia fedha zake, akatumia hadi fedha za jamaa, na mwisho akauawa.

Salim ni mzao wa Huseni. Maana yake, aliye katikati ya riwaya hii ya "Wahindi" ana bibi ambaye hakuna daftari lililomwandika, hajulikani kabila, hajulikani jina alilopewa na mama yake. Vassanji angeweza kumbunia. Waandishi wa riwaya za kihistoria hufanya hivyo kila siku na hakuna anayewashtaki. Yeye aliliacha pengo likae wazi, msimuliaji akilizunguka, na uamuzi huo mmoja ndio unaoipa riwaya heshima yake. Taratibu hasemi neno, na kimya chake kinaendelea kuisumbua familia kizazi baada ya kizazi, hadi kwa Salim mwenyewe anapompenda Amina, msichana wa Kiafrika aliyekutana naye katika Jeshi la Kujenga Taifa, na kushindwa kubaki.

Mwaka mmoja kabla ya kitabu hicho, mhakiki wa Kanada Linda Hutcheon alikuwa ametoa kazi yake kubwa juu ya usasaleo, akieleza riwaya zinazosimulia historia huku zikimwonyesha msomaji mikono ya anayeisimulia. Salman Rushdie alikuwa amekwisha kutoa Midnight's Children mwaka 1981, na wahakiki hawakukawia kumwita Vassanji mwanafunzi wake. Udugu upo, hasa katika kuufungamanisha uzao wa familia na kuzaliwa kwa taifa. Lakini Rushdie ana wingi: watoto elfu moja, miujiza, kelele. Vassanji ana upungufu. Uandishi wake ni wa mtu anayehesabu vilivyopotea. Tena miaka ileile, Dar es Salaam kwenyewe, Euphrase Kezilahabi alikuwa akiivunja riwaya ya Kiswahili kwa Nagona (1990) na Mzingile (1991), kwa sababu zake za kifalsafa, bila kumfuata Rushdie wala Vassanji. Anayetaka kusoma usasaleo wa Afrika Mashariki ana rafu nzima ya miaka mitatu tu ya kuanzia.

The Book of Secrets ya mwaka 1994 ndiyo kazi bora ya Vassanji, na ndiyo iliyopata Tuzo ya Giller ya Kanada mwaka ule ule tuzo hiyo ilipoanzishwa. Ni 1988. Pius Fernandes, mwalimu mstaafu wa Kigoa jijini Dar es Salaam, analetewa shajara iliyookotwa nyuma ya duka. Iliandikwa kuanzia 1913 na Alfred Corbin, ofisa Mwingereza katika kimji cha Kikono, karibu na mpaka wa Kenya na koloni la Wajerumani. Wenyeji wa Kikono waliamini kwamba mzungu yule anaziweka siri zao kitabuni. Hawakukosea sana. Ofisa akiandika jina la mtu, tayari ameshamgeuza kuwa jalada.

Ndani ya shajara yumo Mariamu, aliyewahi kukaa nyumbani kwa Corbin kabla ya kuolewa na Pipa, mwenye duka. Mtoto wake, Ali, anazaliwa na ngozi nyeupe na macho ya kijivu, na mtaa mzima unapiga hesabu. Vita vinafika. Katika historia halisi Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914, na watu wa mpakani walijikuta katikati ya majeshi mawili yenye kudai utii na yenye kuajiri wapelelezi. Mariamu anakutwa ameuawa. Pipa anabaki na mtoto asiyejua ni wa nani na kitabu asichoweza kukisoma. Anakificha kwa miaka, anakifanyia karibu ibada, kwa imani kwamba jibu limo humo.

Mwalimu Fernandes anaweza kukisoma. Anafanya kazi ya mwanahistoria barabara: anahoji wazee, anasaka barua, analinganisha tarehe. Na shajara haisemi. Corbin hakuandika lile lililokuwa likitafutwa, ama kwa kuwa halikutokea, ama kwa kuwa lilitokea. Wakati huohuo mwalimu anagundua kwamba utafiti unamfukua yeye: upweke wake, ujirani wake na mwalimu mwenzake Gregory, mapenzi yake ya kimya kwa Rita, mwanafunzi wake wa zamani aliyetoroka na Ali kwenda London. Riwaya inaisha bila jibu la nani baba. Wasomaji wengine hukasirika hapo. Wangekuwa na haki ya kukasirika kama hii ingekuwa hadithi ya upelelezi, lakini mwandishi anataka kuonyesha nyaraka ya mkoloni ina nguvu gani hata ikiwa tupu, maana vizazi vitatu vimeishi chini ya kivuli cha ukurasa ambao haukuandikwa.

Abdulrazak Gurnah, ambaye si Mhindi bali Mzanzibari mwenye asili ya Yemen, alilifikia shimo lilelile kutoka upande wa pili. Katika Desertion (2005), Mwingereza aitwaye Martin Pearce anaanguka kwa uchovu katika mji mdogo wa pwani mwaka 1899, na anayemwokota ni Hassanali, mwenye duka, mtoto wa baba Mhindi na mama wa Mombasa. Pearce na Rehana, dada yake Hassanali, wanapendana. Msomaji anasubiri aone ilivyokuwa, na hapo msimuliaji, Rashid, anakatiza hadithi na kukiri kwamba hajui ilianzaje, anakisia tu. Rashid ana sababu za kujali. Nusu karne baadaye kaka yake Amin alimpenda Jamila, mjukuu wa Rehana, na wazazi wakawatenganisha kwa aibu iliyorithiwa kutoka kwa bibi. Ukatizaji ule haukuwekwa kwa mbwembwe. Hilo ndilo jambo pekee la kweli ambalo Rashid angeweza kusema juu ya chumba ambacho hakuna shahidi aliyeingia.

Vassanji aliichukua Giller mara ya pili mwaka 2003 kwa The In-Between World of Vikram Lall, akawa mwandishi wa kwanza kuipata mara mbili. Safari hii ni Kenya, kuanzia Nakuru mwaka 1953 wakati wa hali ya hatari. Vikram, mjukuu wa fundi wa reli kutoka Punjab, anacheza na rafiki yake Njoroge na watoto wawili wa Kiingereza, hadi siku watoto hao na wazazi wao wanapouawa. Ukubwani Vikram anakuwa mbeba mikoba ya fedha chafu za wakubwa wa Nairobi, na sasa amejificha Kanada akisimulia. D'Souza wa Nazareth amerudi na suti bora. Vikram anataka aonekane mtu aliyesukumwa tu, Mhindi wa katikati ambaye Waafrika hawakumwamini na wazungu hawakumheshimu. Ni utetezi mtamu, na Vassanji anauacha ujifichue wenyewe: aliye katikati ndiye hupokea bahasha kutoka pande zote mbili.

Wanawake walichelewa kuingia kwenye rafu hii. Sophia Mustafa, aliyechaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1958 akiungwa mkono na TANU, alitoa riwaya yake In the Shadow of Kirinyaga mwaka 2002, uzeeni. Jameela Siddiqi, aliyekulia Uganda, alitangulia mwaka mmoja kwa The Feast of the Nine Virgins, yenye nyuzi za hadithi mbili zinazosukana na ucheshi mkali kuhusu wakwe na mawifi. Wanaume waliotangulia wamejaa huzuni. Siddiqi anajua kwamba umbea nao ni hifadhi ya nyaraka.

Na riwaya ya Kiswahili haikungoja kuambiwa. Shafi Adam Shafi katika Vuta N'kuvute (1999) anamweka Yasmin, msichana wa Kihindi wa Zanzibar aliyeozwa kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri mno, katikati ya hadithi. Anamtoroka, jamaa zake wanamkataa, na anapokewa na rafiki yake Mwajuma. Shafi anasimulia kwa mstari ulionyooka, na kwake inafaa, kwa kuwa Yasmin anasonga mbele na hageuki nyuma kutafuta asili. Mwaka 2021 Amil Shivji, Mtanzania wa jamii ya Kihindi, aliifanya filamu, ikaonyeshwa katika tamasha la Toronto, mji uliojaa akina Salim Juma.

Kenya ilihesabu Waasia zaidi ya 176,000 katika sensa ya 1962. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban 47,000 walio raia. Katikati ya tarehe hizo, Julai 2017, serikali ya Uhuru Kenyatta iliwatambua rasmi kuwa kabila la 44 la nchi. Wapo walioshangilia na wapo waliouliza iwapo Wagoa, Wapunjabi, Wabohora, Wakhoja na Wapatel wanaweza kuwa kabila moja. Swali hilo lina majibu mengi zaidi katika riwaya hizi kuliko katika gazeti rasmi la serikali.

Mwaka 2022 Ida Hadjivayanis aliitafsiri Paradise ya Gurnah kwa jina la Peponi, na Mkuki na Nyota wakaichapisha Dar es Salaam. Wachapishaji wa hapa na wa Nairobi waiangalie rafu ya Vassanji kwa jicho lilelile, waanze na The Gunny Sack. Ji Bai, Taratibu na wateja wa Mtaa wa Kichwele, ambao leo ni Mtaa wa Uhuru, hawakuzungumza Kiingereza hata kidogo.